Je, wajua kwa nini mtoto wa kima humng'ang'ania mama wa kitambaa, na kwa nini kitambaa hicho hakimtoshi?

Kuna picha iliyopigwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison nchini Marekani, ambayo karibu kila aliyesoma saikolojia amewahi kuiona. Mtoto wa kima wa aina ya resusi amejinyoosha kati ya sanamu mbili zilizosimamishwa karibu karibu. Moja ni ya waya mtupu na ina chupa ya maziwa kifuani. Ya pili imevikwa kitambaa cha taulo na haina maziwa. Mdomo wa mtoto uko kwenye chuchu ya chupa, lakini miguu yake bado imekishika kitambaa, kana kwamba anaogopa kukiachia hata kwa muda wa kumeza mafunda machache.

Ikiwa maziwa yako kwa mama wa waya, mtoto huyu anang'ang'ania nini kwa mama wa kitambaa? Kwa miaka mingi nililijibu swali hilo kwa sentensi moja: mtoto wa kima huhitaji ulaini na joto la kukumbatiwa kuliko anavyohitaji chakula. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana nilichelewa kugundua kwamba linapotosha. Yaliyowapata watoto hao walipokua yana uzito zaidi kuliko picha yenyewe, na ni nadra kusimuliwa pamoja nayo.

Historia ya picha hiyo si ndefu. Harry Harlow, mwanasaikolojia wa chuo hicho, alikuwa akichunguza uwezo wa kima wa kujifunza, na katika miaka ya 1950 maabara yake ikaanza kuzalisha kima wake yenyewe. Ili kuwakinga watoto na maradhi, hasa kifua kikuu, walitenganishwa na mama zao saa chache baada ya kuzaliwa, wakalishwa kwa chupa. Kimwili walinawiri. Hata hivyo, ilionekana kwamba watoto hao walizishika kwa nguvu nepi za kitambaa zilizotandikwa sakafuni mwa vizimba, na kila zilipoondolewa ili zibadilishwe, walipiga mayowe na kugaragara. Wanasaikolojia wengi wa wakati huo walifundisha kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama ndiye chimbuko la maziwa; nepi haina maziwa. Harlow akatengeneza basi sanamu za aina mbili na kuwaweka nazo watoto 8: wanne walipata maziwa kwa mama wa waya, wanne kwa mama wa kitambaa. Wote walikunywa kiasi kinacholingana na kuongezeka uzito sawasawa, lakini wote pia, bila kujali maziwa yalikuwa wapi, waliishia kukaa kwa mama wa kitambaa sehemu kubwa ya siku, zaidi ya saa 15, na mama wa waya akaendewa kwa ajili ya kunyonya tu.

Mama huyo wa kitambaa alikuwa gogo la mti lililofunikwa sponji ya mpira, likavikwa taulo ya pamba, na nyuma yake ikawekwa balbu ya kumtia joto. Mbele ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani mwaka 1958, Harlow alimsifu kuwa ni mama mwororo, mwenye subira isiyokwisha, anayepatikana saa 24 kwa siku, asiyemgombeza mwanawe wala kumpiga kwa hasira. Ninayarudia maneno hayo kwa sababu yanaonyesha kwamba kosa nililolifanya mimi na wengi wengine lilikuwa karibu hata kwa mwenye jaribio. Kwa wakati ule lilionekana kuwa jambo la busara kabisa kusema kwamba mama amepatikana, na kwamba ametengenezwa kwa mbao na taulo.

Kisha watoto wakakua. Walipofikia umri wa kupevuka hawakujua namna ya kucheza na wenzao wala namna ya kupandana. Wengine walikaa wamejikunyata pembeni mwa kizimba wakiyumbayumba, wakijikumbatia wenyewe, wakinyonya vidole vyao. Majike waliopata mimba kwa kulazimishwa walipojifungua, baadhi yao hawakuwajali watoto wao hata kidogo, na wengine waliwaumiza, mara nyingine hadi kuwaua. Hao ndio walewale waliokuwa na mama mwenye subira isiyokwisha.

Kwa nini tulikosea? Nadhani ni kwa sababu jaribio lenyewe lilikuwa la kuchagua, nasi tukalisoma kana kwamba lilikuwa la kutosheleza. Ukimwekea mwenye njaa jiwe na kipande cha muhogo, atachukua muhogo. Lakini uamuzi wake haukuambii kwamba muhogo peke yake utamkuza mtoto akawa mtu mzima mwenye afya. Ndani ya kile kizimba hapakuwa na kima jike aliye hai wa kulinganishwa na sanamu zile. Kilichothibitishwa ni kwamba kitambaa kinashinda waya, hata waya wenye maziwa. Hilo ni jambo kubwa, lililoangusha fundisho la miaka mingi, ila halisemi lolote kuhusu umbali uliopo kati ya kitambaa na mama.

Nisieleweke kwamba mapenzi ya watoto kwa kitambaa yalikuwa ya juujuu. Mtoto mmoja alizaliwa mwezi mzima kabla ya siku aliyotarajiwa, wakati sanamu yake ilikuwa bado haijawekewa sura, kwa hiyo akalelewa na mama mwenye kichwa cha mbao tupu kwa siku 180. Baadaye alipopewa mama wenye sura zilizotengenezwa vizuri, alikigeuza kichwa cha sanamu hadi ule upande usio na macho wala mdomo ukamwelekea yeye. Kila kiliporudishwa, alikigeuza tena. Kwake, sura ya mama ilikuwa ni ule mviringo mtupu wa mbao. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivi jinsi mtoto anavyoweza kukabidhi moyo wake kwa chochote alichokikuta mahali pa mama.

Tuje sasa kwenye kile ambacho kitambaa kinaweza na kile kisichoweza. Watafiti walipomtia mtoto hofu kwa dubu wa kuchezea anayepiga ngoma, alimkimbilia mama wa kitambaa, akajisugua kwake, na baada ya muda akageuka kumtazama dubu yule. Wengine walithubutu hata kumsogelea. Katika chumba kigeni chenye vitu asivyovijua, mtoto aliyekuwa na sanamu yake alitoka kuchunguza na kurudi, akatoka tena na kurudi, kama mtumbwi uliofungwa kwa kamba ndefu. Bila sanamu hiyo aliganda sakafuni. Kitambaa kinaweza basi kuwa nanga.

Kukuza mtoto, hata hivyo, ni zaidi ya kumtuliza. Mtu anaweza kufundishwa kunamua, kutakata na kuzihesabu kete za bao akiwa amekaa mwenyewe chini ya mwembe, lakini bao ni la watu wawili. Kila kete anayoisogeza hupata maana kutokana na jibu la aliyeketi upande wa pili, na asiyewahi kujibiwa hajui kucheza, hata kama mikono yake inajua njia. Mama wa kitambaa hajibu. Mtoto akilia, sanamu iko vilevile; akimuuma, iko vilevile; akienda mbali, haimfuati. Kima jike aliye hai humvuta mwanawe mkia anapotambaa mbali mno, humsukuma anapotaka kunyonya muda usio wake, humgeuzageuza na kumchambua manyoya, husimama ghafla na kumfanya ajishike upesi. Ukimtazama mtoto aliyefungwa kwa mbeleko mgongoni mwa mama anayefagia uwanja, utayaona mazungumzo ya namna hiyohiyo: mama anainama, mtoto anakaza miguu, mama anainuka, mtoto analegea, mtoto anaanza kugugumia, na kabla hajalia mama amekwisha mpigapiga matako. Katika mamia ya majibu hayo madogo mtoto hujifunza kwamba anachokifanya yeye huleta matokeo kwa mwingine, na kwamba cha mwingine huleta matokeo kwake. Asiyejifunza hilo mapema hukutana na kima mwenzake kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeketishwa mbele ya bao huku akidhani ni meza.

William Mason, aliyewahi kufanya kazi na Harlow, alilipima jambo hili pamoja na Gershon Berkson katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975. Walitumia sanamu zilizofanana, tofauti ikiwa moja tu: baadhi zilisimama tuli, na nyingine ziliendeshwa zikawa zinatembea na kubembea kizimbani bila mpangilio wa kutabirika. Waliolelewa na sanamu tuli walianza kuyumbayumba. Waliolelewa na sanamu inayotembea hawakuonyesha tabia hiyo. Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba mtoto asiyetikiswa na mama hujitikisa mwenyewe. Baadaye, huko Davis katika jimbo la California, Mason aliwalea watoto wa kima pamoja na mbwa wapole, na wengine pamoja na farasi wa plastiki. Mbwa si kima na hana maziwa ya kima, lakini hugeuka anapoguswa na huondoka anapochoka. Watoto waliokua naye walikuwa wasikivu zaidi kwa yaliyowazunguka na wepesi zaidi wa kujihusisha nayo kuliko waliopewa farasi.

Hapa tahadhari inahitajika. Idadi ya wanyama katika majaribio haya ilikuwa ndogo. Watoto wa Harlow, zaidi ya kukosa mama, wengi walikosa pia wenzao wa kucheza nao, kwa hiyo si rahisi kusema madhara yapi yalitokana na lipi. Waliopata wenzao wa rika kwa dakika chache tu kila siku walikua vizuri zaidi. Wala madhara hayakuwa ya kudumu kwa kila mmoja, kwa maana baadhi ya majike waliomtelekeza mtoto wa kwanza walimlea wa pili ipasavyo. Kuruka kutoka kima hadi binadamu nako kuna hatari zake. Malezi ya kangaruu, ambayo hospitali zetu huyatumia kwa watoto njiti, hayakutoka kizimbani mwa Harlow. Yalianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu ya uhaba wa mashine za kuwatunzia watoto hao.

Mambo haya yamebadilisha kazi ya kila siku ya wanaolea watoto wa jamii ya nyani. Marekani ilirekebisha sheria yake ya ustawi wa wanyama mwaka 1985 na kuwataka wanaowafuga kwa utafiti kuzingatia pia hali yao ya kisaikolojia. Mlezi mzoefu hamlishi mtoto wa kima akiwa amelazwa chali kama mtoto wa binadamu, kwani huhangaika na maziwa huweza kuingia mapafuni. Humshikisha taulo iliyoviringishwa, tumbo likiwa limegusa kitambaa, kisha humwinua kidogo na kumpa chupa. Taulo inabaki, kwa sababu Harlow alikuwa sahihi kuihusu. Kilichoongezeka ni haraka ya kumtafutia jike wa kumchukua au wenzake wa rika. Huko Lwiro, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kando ya kituo cha utafiti kilichojengwa enzi za Wabelgiji, sokwe yatima walionusurika na wawindaji hupokewa kwanza na walezi binadamu, lengo likiwa ni kuwaunganisha na kundi la sokwe wenzao.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulichapishwa mwaka 1972 na Harlow pamoja na Stephen Suomi. Waliwachukua madume wanne waliotengwa peke yao kwa miezi sita ya kwanza ya maisha, waliokuwa wakijikunyata na kuyumbayumba, wakawakutanisha mara kadhaa kwa wiki na majike wa miezi mitatu tu, waliolelewa vizuri. Kima wa rika moja na wale waliotengwa huwachokoza na kuwapiga. Mtoto wa miezi mitatu bado yuko katika umri wa kujishika. Madume walikimbilia pembeni. Majike wakawafuata, wakawang'ang'ania mgongoni na kifuani kama mtoto anavyomshika mama. Baada ya majuma machache madume wakaanza kuwashika wao pia, kisha wakacheza nao, na kufikia miezi sita ya kukutana ilikuwa vigumu kuwatenganisha kwa macho na kima waliolelewa kawaida.