Obsidiani ya Wamaya ilitoka mlima gani?

Tikal, mji wa kale wa Wamaya kaskazini mwa Guatemala, imekaa juu ya mawe ya chokaa, mbali na volkano. Ila nyembe za obsidiani, kioo cha volkano kama kile cha Naivasha, zimetapakaa humo. Zote zililetwa.

Machimbo makuu ya Wamaya ni matatu, yote kwenye nyanda za juu za kusini: El Chayal karibu na Jiji la Guatemala, San Martín Jilotepeque upande wa magharibi, na Ixtepeque jirani na El Salvador. Anza kwa macho: inua kipande kwenye mwanga. Kijani chenye mng'ao wa dhahabu ni Pachuca, Mexico ya kati. Hudhurungi kama chai mara nyingi ni Ixtepeque. Vya kijivu ndivyo vinavyosumbua, na hapo macho peke yake hayatoshi.

Kinachofuata ni mashine ya eksirei inayosoma elementi za rubidi, stronti na zirkoni bila kuvunja jiwe. Osha kipande kwa maji na brashi laini, kiache kikauke, kisha laza upande ulio bapa na mnene kwenye dirisha la mashine kwa dakika tatu hadi tano. Epuka namba ya makumbusho: rangi nyeupe iliyoandikiwa huwa na titani au zinki. Ixtepeque huwa na zirkoni nyingi kuliko stronti. El Chayal ni kinyume. Pachuca hupita sehemu 900 za zirkoni kwa milioni, na stronti karibu haipo.

Tatizo kubwa ni wembamba. Kipande kikiwa chini ya milimita mbili, miale hupenya hadi ng'ambo na usomaji hushuka, zirkoni zaidi kuliko rubidi. Wembe wa Ixtepeque unaweza basi kufanana na wa El Chayal. Usitegemee namba tupu. Linganisha uwiano wa elementi, na siku hiyohiyo pima mawe ya machimbo yanayojulikana, yaliyochongwa kwa unene huohuo. Utata ukibaki, kuna upimaji wa nyutroni kwenye kinu cha nyuklia, ila sampuli hubaki na mnururisho.

Gumegume, jiwe jingine gumu la kuchongea, kama la Colha huko Belize, ni gumu zaidi kufuatilia: kemia yake hubadilika ndani ya chimbo lilelile.

Na jibu la mashine hutaja mlima tu, halitaji njia. Kujua jiwe lilifikaje, chunguza taka za uchongaji: vipande vyenye ganda la nje la jiwe vikikosekana, viini, yaani mawe yanayobanduliwa nyembe, vilitayarishwa kwingine kabla ya kusafirishwa.