Mchezaji akiwa hewani, mwamuzi anaangalia nini?

Mchezaji wa mpira wa kikapu akishaacha sakafu hawezi kubadili njia ya mwili wake hata akitaka. Atanyoosha mikono au kukunja miguu, lakini mahali atakapoangukia pamekwisha kuamuliwa na namna alivyoruka. Kwa muda huo hana kinga yoyote isipokuwa kanuni na filimbi.

Kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinampa haki ya kutua palepale aliporukia. Anaruhusiwa pia kutua pengine, mradi mahali hapo na njia ya kupafikia havikuwa vimeshikwa na mpinzani wakati anaruka. Kwa hiyo swali la kwanza la mwamuzi ni hili: mlinzi alifika lini? Ikiwa alishajipanga kihalali kabla ya mruko, na mshambuliaji akamvaa kifuani, kosa ni la mshambuliaji. Ikiwa alijisogeza baada ya mshambuliaji kuruka, kosa ni lake, hata kama alikuwa amesimama tuli walipogongana. Hapa ndipo watazamaji wengi hutuzomea bure sisi waamuzi, kwa sababu wanachokumbuka ni mlinzi aliyetulia na si hatua aliyopiga kabla ya kutulia. Mlinzi anayeruka wima, mikono juu, bila kutoka katika nafasi yake, hana kosa.

Hatari kubwa ni kuingia chini ya mtu aliye hewani. Uzito wa mwili umejikusanya karibu na kiuno. Miguu ikizuiwa, kiwiliwili huendelea na safari yake, mchezaji anapinduka, na kinachofika chini kwanza ni mgongo, kiwiko au kichwa. Mguso wenyewe unaweza kuwa mwepesi sana, ndiyo maana hatupimi kosa hili kwa kishindo peke yake. FIBA inaeleza kwamba mguso wa namna hii kwa kawaida ni kosa la utovu wa uungwana, na katika hali fulani ni la kumtoa mchezaji moja kwa moja. Utetezi wa “sikukusudia” huenda ukawa wa kweli kabisa. Haumrudishii aliyeanguka nafasi yake ya kutua, na uamuzi haubadiliki.

Mtupaji, yaani anayeruka kurusha mpira kikapuni, naye analindwa hivyohivyo. Mpira ukiachiliwa, ukumbi mzima huufuata kwa macho. Mwamuzi anayemsimamia mtupaji hubaki naye hadi miguu yote miwili iguse sakafu. Mei 2017, katika fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, Kawhi Leonard wa San Antonio Spurs alitua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Golden State Warriors, akaumia kifundo na hakucheza tena katika mfululizo huo. Kuanzia msimu uliofuata, waamuzi wa ligi hiyo waliruhusiwa kurejea video na kulihesabu kuwa zito zaidi kosa la kumnyima mtupaji pa kutua.

Kwa FIBA, kosa la utovu wa uungwana huleta mitupo huru na mpira kurudi kwa timu iliyokosewa. Mchezaji akiyapata mawili katika mchezo mmoja, anatoka.

Makocha, ninawasihi mfundishe jambo moja kila siku ya mazoezi: mlinzi anayekimbilia mtupaji afunge breki hatua moja kabla ya kumfikia, au apite pembeni yake. Mkono uliopanda juu unatosha kumsumbua.