Karanga mapepe hazitibiwi kwa urea

Kila ikifika mwezi wa nne simu yangu huita kwa jambo lilelile. "Bwana shamba, karanga zangu zimestawi mpaka zimefunika njia, lakini nikimenya ndani hamna kitu." Nikiuliza waliweka nini, jibu ni moja: urea. Na wengi wao, wakati wananipigia, wameshaamua kuongeza nyingine. Msimu huu, hapa Mbeya, nimelisikia Uyole, nikalisikia Iyunga, juzi nikalisikia tena Mbalizi. Nimeona niandike.

Mama mmoja wa Iyunga ni mwalimu mstaafu, ana bustani nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa sita. Nilikuta karanga za kijani kilichokolea, zinanifika karibu na magoti. Nikang'oa shina moja, tukakaa kizingitini tukaanza kuminya maganda kwa dole gumba, moja baada ya jingine. Yalikuwa 31. Kati ya hayo, 22 yalibonyea palepale. Mizizini kulikuwa na vinundu vichache tu, na nilivyovipasua vilikuwa vyeupe ndani, wakati kinundu kinachofanya kazi huwa na rangi ya waridi.

"Mwanangu, waliniuzia mbegu mbovu," akasema.

Hapana, mama. Mbegu mbovu haioti. Hii iliota, ikatoa maua, ikashusha vikonyo ardhini na kufanya maganda 31. Kilichokosekana ni chakula cha ganda, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanaitunza karanga kama mahindi.

Mahindi yanaomba naitrojeni, kile chakula kilichomo kwenye urea, kutoka kwako. Karanga inatengenezewa ya kwake na bakteria wanaoishi kwenye vile vinundu. Ukimwaga urea, bakteria wanaacha kazi, mmea unakimbilia majani, na wewe unafurahia ukijani. Majani hayauzwi sokoni Mwanjelwa!

Kinachojaza punje ni kalisi, na karanga inaipata kwa njia yake ya pekee. Mizizi hunyonya kalisi na kuipandisha juu pamoja na maji, kuelekea kwenye majani yanayopoteza maji hewani. Ganda lililofukiwa halipotezi maji hewani, kwa hiyo kalisi ikishapanda haishuki tena kulifuata. Ganda linalazimika kujinyonyea lenyewe kutoka kwenye udongo unaoligusa, ule wa juu kabisa, sentimita kumi hivi. Udongo huo ukiwa hauna kalisi, punje inafia ndani na ganda linabaki tupu. Huku kwetu nyanda za juu mvua ni nyingi, imeosha kalisi miaka na miaka, na udongo wa sehemu nyingi una tindikali. Urea nayo, ukiirudia kila mwaka, inaongeza tindikali hiyohiyo. Mtu anaweka dawa inayomzidishia ugonjwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Fanya hivi. Majuma matatu au manne kabla ya kupanda, nyunyiza chokaa ya kilimo, gramu 150 hivi kwa kila mita ya mraba, uichanganye na udongo wa juu. Usiifukie chini kwa jembe zito, maganda hayafiki huko. Maua ya kwanza ya njano yakitokea, mwezi mmoja hivi baada ya kupanda, ukipata jasi, ambayo nayo ina kalisi, mwaga konzi moja kwa kila mita mbili za mstari, karibu na mashina. Jasi inayeyuka upesi kuliko chokaa, inawahi vikonyo vinaposhuka. Chokaa ya kupakia ukuta ni nyingine, inaunguza, iache dukani. Na kama bustani ni kubwa kidogo, peleka udongo upimwe TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kabla hujanunua chochote.

Yapo mengine ninayoyasikia, haya hayahitaji maneno mengi.

"Panda mbali mbali zipate hewa." Hapana. Vidukari wanaoeneza rozeti, ugonjwa wa virusi unaodumaza karanga, hupenda kutua kwenye shamba lenye udongo wazi. Mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo 10, punje moja moja, na uwahi mvua za kwanza.

"Palilia mpaka siku ya kuvuna." Palilia sana kabla ya maua. Vikonyo vikishaanza kuingia ardhini, weka jembe pembeni, magugu yang'oe kwa mkono. Kila kikonyo unachokikata ni ganda umelipoteza.

"Karanga ni za Dodoma, Mbeya baridi." Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, zinakubali ila zinachelewa. Pendo, ile mbegu ya TARI Naliendele inayokomaa kwa siku 90 hadi 100 kwenye joto, hapa itakudai zaidi, kwa hiyo usivune kwa kuhesabu kalenda. Kyela, Chunya na Usangu hazina shida hiyo. Aliye Makete namshauri apande njegere.

"Subiri majani yakauke yote." Aina za muda mfupi kama Pendo hazina usingizi wa mbegu, zikikomaa zikapigwa na mvua zinachipua hukohuko ardhini. Ng'oa shina moja, pasua maganda, tazama upande wa ndani. Mengi yakiwa na madoa ya kahawia au meusi, vuna.

La mwisho linanitisha: "Zenye ukungu zikaange tu, sumu inakwisha." Haikwishi. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, haimalizwi na moto wa kukaangia, na kuzisaga kuwa siagi kunaificha tu. Inaharibu ini, na mtoto anayelishwa uji wa karanga kila siku ndiye anayeipata nyingi. Anika karanga juu ya turubai au kichanja, kamwe si kwenye udongo, mpaka ukitikisa ganda usikie punje zinagonga. Usiyarushie maji maganda makavu ili yamenyeke kirahisi. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitoe zote, na usimpe kuku, kwani naye inamdhuru. Zichome au zifukie.