Picha za usiku wa kupamba ni za nani? Someni hapa kabla ya kutia sahihi

Karibu kila anayeniletea mkataba wa mpigapicha wa harusi hapa Mombasa huanza na bei. Ameshaizungushia kalamu arubuni, anauliza kama nusu ya malipo si nyingi mno, na pengine ameshabishana na mpigapicha kuhusu saa za ziada. Mimi kama wakili huanza kwingine. Hufunua kurasa za mwisho, penye habari za hakimiliki na matangazo, kwa kuwa hapo ndipo familia hupoteza kitu kisichorudishika kwa pesa.

Mikataba mingi ninayoisoma imetolewa mtandaoni na iliandikiwa harusi za nchi nyingine: kanisani mchana, ukumbini jioni, wanaume kwa wanawake pamoja, na shughuli imekwisha. Harusi ya Waswahili ina nikaha, ina karamu ya wanaume, kisha ina usiku wa kupamba, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake pekee. Mabuibui huvuliwa mlangoni. Wasichana wametengeneza nywele, mikono ina hina na piko mpaka kwenye viwiko, mashangazi wanacheza bila kumwogopa mtu. Familia nyingi huwaomba wageni wasitoe simu. Lakini mpigapicha anaingia na kamera mbili, na karatasi uliyoitia sahihi inamruhusu kutumia picha zozote za harusi yako kwa matangazo, mitandao ya kijamii, mashindano na mauzo, bila kikomo cha muda.

Tazama jinsi sheria ilivyo kabla hujatia sahihi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa aliyeitengeneza, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo picha za harusi uliyomwitia mpigapicha ni zako, mpaka utie sahihi kifungu kinachosema ni zake. Wapo wapigapicha watakaokwambia, tena kwa nia njema, kwamba picha ni mali ya mpigaji dunia nzima. Uingereza na Marekani ndivyo ilivyo kwa kawaida. Hapa kwetu kinachompa ni ule mkataba.

Sisemi mpigapicha anyimwe kila kitu. Kazi yake ya kesho inatokana na picha za jana, na anahitaji kitu cha kuwaonyesha wateja. Mwachie picha za mapambo ya ukumbi, za bwana harusi na wenzake, za maharusi wenyewe mkiridhia, na muandike kwamba kila picha atakayoitumia mtaiona na kuikubali kwanza. Shughuli za wanawake zitengewe kifungu chake. Mimi huwaandikia wateja wangu hivi:

"Picha na video za usiku wa kupamba, na za shughuli nyingine yoyote ya wanawake pekee, hazitachapishwa, hazitaonyeshwa wala hazitapewa mtu mwingine kwa sababu yoyote. Zitapigwa, zitachaguliwa na kuhaririwa na wanawake. Mpigapicha atazikabidhi mkononi kwa mtu aliyetajwa hapa chini, kisha atafuta nakala zote alizobaki nazo ndani ya siku 30 na kuthibitisha kwa maandishi."

Neno "kuhaririwa" hapo ni la lazima. Familia hudai mpigapicha mwanamke, hupewa, hutulia. Usiku ukiisha, memori kadi inapelekwa studio, na anayekaa mbele ya kompyuta kuzing'arisha picha moja moja ni kijana wa kiume. Hakuna aliyevunja mkataba, maana mkataba ulisema tu nani atashika kamera. Ulizeni picha zinahaririwa wapi na nani. Ulizeni pia zinakabidhiwa vipi. Siku hizi wengi hutuma linki ya albamu ya mtandaoni, na linki isiyo na neno la siri ikishaingia katika kundi la WhatsApp la familia, haijulikani itaishia wapi. Kwa picha hizi, diski mkononi mwa mama wa bibi harusi, au mwa somo anayemfunda, ni salama zaidi.

Na wageni je? Maharusi hawawezi kumtolea idhini binamu wala jirani. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na kuitumia kibiashara kunahitaji ridhaa yake mwenyewe. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Mpigapicha akisita kukubali kifungu changu, humtajia kesi hizo mbili. Kifungu hicho kinamlinda yeye pia.

Baada ya hapo ndipo ninaposoma mengine. Tafuta sentensi inayosema kwamba makubaliano yote yamo ndani ya mkataba huu. Sentensi hiyo ikiwepo, ile droni na ile albamu ya wakwe mliyoahidiwa kwenye WhatsApp huenda msiweze kuidai. Kila mlichoahidiwa kiingie kwenye karatasi.

Siku za makabidhiano zinahesabiwa kuanzia lini? Nimeona "siku 60" ambazo huanza kuhesabiwa mteja atakapomaliza kuchagua picha za albamu, na picha za kuchagua hazina siku ya kuletwa. Hapo mpigapicha hawezi kuchelewa hata akikaa mwaka. Andikeni siku mbili: ya kuletewa picha za kuchagua, na ya kupewa albamu. Malipo ya mwisho yasubiri mpaka mzigo ufike.

Kuhusu arubuni, si vibaya isirudishwe mkivunja nyinyi, kwani tarehe hiyo amewakatalia wengine. Akivunja yeye, airudishe yote. Na harusi ikisogezwa kwa msiba, ihamie tarehe mpya bila nyongeza kama yuko huru siku hiyo. Mpigapicha mkuu atajwe kwa jina, na ikisemwa anaweza kuleta mwingine, ongezeni "kwa idhini ya mteja". Kwa usiku wa wanawake, ongezeni "mwanamke".

Marekebisho hayahitaji mkataba mpya. Kateni mstari kwa kalamu, andikeni pembeni, pande zote mbili zitie vifupisho vya majina yao hapo hapo, na kila upande ubaki na nakala. Anayetia sahihi awe ndiye anayelipa, au atajwe wazi kwamba anatia kwa niaba yake. Ami akilipa kwa M-Pesa huku sahihi ni ya bibi harusi, siku ya ugomvi mtaanza kwa kubishana nani hasa mteja. Wekeni ujumbe wa kila malipo.

Ikishindikana kabisa na pesa mnayodai haizidi shilingi milioni moja, nendeni Mahakama ya Madai Madogo. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Pelekeni mkataba, risiti na jumbe zenu. Lakini kama linalowatia hofu ni picha za kupamba, msingoje kufika huko: mpigapicha anayesema "niaminini tu" na hataki kukiandika kile kifungu, mwacheni mapema na mtafute mwingine.