Usinunue kibandiko: laptopu ya kwenda nayo chuo

Mama mmoja wa Makorora aliingia kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, na kijana wake, anakwenda kuanza mwaka wa kwanza Dodoma. "Fundi, mwanangu, hii tumeambiwa ni i7. Mbona nikiiwasha naweza kuinjika chai ikachemka, yenyewe haijafunguka?"

Nikaifungua nikasoma: i7-3520M. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya mwaka 2012. Walikuwa wameuziwa kibandiko cha i7 kilichobandikwa nje.

Wengi huumia hapo. Hiyo i3, i5 au i7 ni daraja tu, umri haikuambii. Umri uko kwenye tarakimu zinazofuata kistari. i7-3520M ni ya kizazi cha 3, ina kore (vitengo vya kufanyia kazi) mbili. i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ilitoka 2017, ina kore nne, na umeme inaoula haufiki nusu ya ule wa mwenzake. Ziweke mezani pamoja: hiyo i5 "ndogo" itaiacha i7 mbali sana. Madukani wanasema jenereshini. Uliza ni jenereshini ya ngapi, kisha usikubali jibu la mdomo, washa ujisomee mwenyewe.

Kizazi cha 8 nakitaja makusudi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kipindi cha kuihudumia Windows 10, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inaanzia hapo kwenye cha 8. Zipo njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine kongwe, nami nimeshazifanya sana. Ila simfanyii mtoto anayekwenda kukaa miaka mitatu mbali na fundi wake.

"Sasa si bora nimnunulie mpya kabisa?" aliniuliza yule mama. Inategemea mpya ipi. Zile mpya za bei ya chini zinazong'aa kwenye kabati la kioo, nyingi zina Celeron, prosesa dhaifu, ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao wa ndani na hifadhi ya GB 64. Windows ikijisasisha mara mbili tatu, nafasi imekwisha, na hakuna cha kuongeza. Kwa pesa hiyohiyo mimi huchukua mtumba wa ofisini: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490, Lenovo ThinkPad T480. Hizi zilitengenezwa kwa watu wa kazi. Ramu inabadilishwa, diski inabadilishwa, betri inapatikana, bawaba za kioo ni ngumu.

Za kutoka Uingereza zina kituko chake. Kila msimu wa vyuo naletewa laptopu "mbovu" ambayo ukibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu. Haina ubovu wowote. Kibodi ni ya Kiingereza cha Uingereza, Windows imewekewa mpangilio wa Marekani. Dakika moja, na hiyo huwa sichaji.

Kinachofanya mashine ionekane nzito mara nyingi ni diski. Ile ya kuzunguka husoma kama MB 100 kwa sekunde. SSD, diski isiyozunguka, ile ya kawaida ya SATA, inafika 500. Kwa hiyo SSD ya GB 256 na ramu ya GB 8 ndiyo kima changu cha chini kwa mwanafunzi wa ualimu, sheria au uhasibu. Wa uhandisi na usanifu majengo, wenye programu za kuchora kama AutoCAD na ArchiCAD, waanzie ramu ya GB 16 na watafute yenye kadi ya grafiki ya peke yake.

Betri usiulize "inakaa saa ngapi?", utajibiwa nne. Fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Lina uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ukikuta 50,000 imebaki 21,000, hesabu bei ya betri mpya papo hapo, muuzaji akiwa anakutazama.

Kabla hujatoa hela, izime, uiwashe huku ukigonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nywila na muuzaji hana, mrudishie. Huenda ni kufuli la kampuni iliyokuwa nayo, na kulitoa ni kazi ya kuchokonoa ubao. Halafu mulika tochi kwenye matundu ya USB. Hapa kwetu mashine iliyokaa Raskazone karibu na upepo wa bahari huwa na kutu ya kijani humo ndani, na ukiiona nje jua ubaoni ipo zaidi.

Kijana aliondoka na 840 G5, chaja yake ya pini tatu inaingia ukutani bila adapta. Ile i7 muuzaji wao alikataa kuipokea. Nimeiwekea SSD, sasa inafunguka kabla maji hayajapata moto, na mdogo wake wa kidato cha tatu ameshaijaza katuni.