Kubana faili sio kupunguza faili jamani

Nimemsikia tena mtu anasimulia eti kuna Wataliano "walipunguza maandishi kwa kompyuta mpaka ukabaki mtindo wa mwandishi tu", nikasema hapana, leo naandika.

Mbinu yenyewe ya kumtafuta mwandishi ni hivi. Una maandishi hujui ya nani, na una kazi za waandishi kadhaa unaowajua. Chukua kazi ya wa kwanza, ibane kwa kompyuta (compress), angalia faili lina baiti ngapi. Ibandikie yale maandishi mwishoni, bana tena, tofauti iandike pembeni. Rudia kwa kila mwandishi, yule ambaye faili lake limeongezeka baiti chache kuliko wote ndo mshukiwa wako. Basi.

Sasa hilo neno. Kupunguza ni kutoa kitu kisirudi, kama picha ukituma WhatsApp inavyofika imefifia, kilichotupwa kimetupwa. Kubana ni kufunga sanduku la safari, nguo zote zimo, zimekunjwa tu, ukifika unazitoa zote. (Wapo wanaosema kukandamiza, mi naona wanaokandamizwa ni wananchi, faili halina kosa. Na zip, aina ya faili la kubana ya Phil Katz ya 1989, maana yake ni kwenda kasi, sio zipu ya suruali.)

Na kukunja kwenyewe ndo siri yote, maana gzip, programu ya kubana waliyotumia hao Wataliano, inafuata njia ya wataalamu Lempel na Ziv ya 1977, ikikuta mfuatano wa herufi ilioupita muda si mrefu haiuandiki upya, inaandika tu "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa", sasa kila mtu ana maneno yake anayoyarudiarudia, ukimbandika mtu kwenye kazi yake mwenyewe mashine inakuta mengi yameshasemwa, faili linaongezeka kidogo. Ingekuwa inatupa vitu kipimo chako kisingeaminika.

Benedetto, Caglioti na Loreto wa Roma walitoa matokeo 2002, maandishi 90 ya waandishi 11 wa Kitaliano, akina Dante, Machiavelli, Pirandello, na 84 yakaangukia kwa mwenyewe. Sio mchezo. Ila mashine haikujua Kitaliano hata neno moja, na mwenye maandishi asipokuwemo kati ya wale 11 itakunyooshea mmojawapo tu bila aibu.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku nyingine sema waliyabana, halafu sema yamekaribiana zaidi na ya fulani, hilo la kusema "wamemkamata" mwandishi liache kwanza.