Fikra na hisia zinavyovutana: maana ya tiba ya fikra na tabia

Chukua mama anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni Busia. Asubuhi amemwandikia tajiri wake wa Jinja, yule anayempa mzigo kwa mkopo. Ujumbe umesomwa, jibu hakuna. Papo hapo akilini inampitia sentensi: "Amenichoka, hatanipa mzigo tena." Tumbo linamkaza. Hofu hiyo nayo haikai bure, inamfukulia deni la Pasaka alilochelewa kulipa na siku ile aliyojibiwa kwa mkato, na kila kumbukumbu inaitia sentensi ile nguvu. Kufika adhuhuri anaona haya hata kupiga simu. Asipopiga, hatajua kwamba huenda tajiri aliusoma ujumbe akipakia lori, akasahau.

Mzunguko huo ndio unaoshughulikiwa na tiba ya fikra na tabia. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani, aliianzisha miaka ya 1960 baada ya kuona wagonjwa wake wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu) wakipitiwa na fikra za ghafla za kujishusha, wakiziamini bila kuzihoji. Wengi hudhani basi kwamba fikra huzaa hisia, mambo yakaishia hapo. Kumbe hisia nayo huchagua fikra. Mwenye huzuni hukumbuka ya huzuni upesi zaidi, na mwenye hofu huifanya hofu yenyewe kuwa ushahidi: naogopa, kwa hiyo hatari ipo.

Kiswahili huupa moyo kazi zote mbili. "Moyo unaniambia hanitaki," tunasema, na hapo fikra na hisia zimefungwa furushi moja. Mtaalamu huanza kwa kulifungua. Hisia hutajika kwa neno moja: hofu, haya, hasira. Fikra ni sentensi, na sentensi inaweza kuulizwa kama ni kweli. Mama wa Busia angeiandika daftarini, aseme anaiamini kwa kiasi gani kati ya 0 na 100, aandike yanayoiunga mkono na yanayoipinga (juzi si alipewa magunia mawili?), kisha aipime tena. Halafu apige simu. Kwangu mimi simu hiyo ina uzito kuliko daftari, maana ndiyo inayoleta habari mpya.

Wala huku si kujilazimisha kuwaza mema. Kama tajiri kweli amekata mkopo, hilo ni tatizo la kutafutiwa njia, na anayemwambia mama huyo "badilisha mawazo tu" anamwonea.